Kabla ya kununua bodi ya ghala la kahawa, uliza moduli zake

Kahawa ya maganda ikishakauka na kuingizwa ghalani, hatari yake haijaisha. Hewa ya ghala ikiwa nzito, kahawa inavuta tena unyevu uliotolewa kwa jua la majuma, ukungu unaingia, na mkulima wa Nkwenda au Kaisho, wilayani Kyerwa, aliyeianika kwa uangalifu anaambulia bei ya aliyeanika ovyo. Azimio namba 420 la Shirika la Kimataifa la Kahawa, la mwaka 2004, linataka kahawa safi ya kuuzwa nje iwe na unyevu kati ya asilimia 8 na 12.5. Ili kahawa ibaki ndani ya mipaka hiyo, unyevunyevu wa hewa ya ghala usipande sana kupita asilimia 60 au 65. Hapo ndipo kisanduku kidogo chenye sensa, betri na laini ya simu kinapokuwa na maana: kinapima usiku na mchana, na hewa ikiharibika kinamtumia mtunza ghala ujumbe.

Chama cha msingi kikiamua kutengenezewa kisanduku hicho, swali la kwanza kwenye kikao huwa bei ya bodi. Nadhani swali hilo limewekwa mahali pasipo pake. Tofauti ya bei kati ya bodi ndogo na bodi ndogo ni shilingi elfu chache, tena hulipwa mara moja. Gharama inayorudi kila msimu inatoka kwingine kabisa: ni kwa kiasi gani lugha iliyomo ndani ya bodi inamruhusu mwandishi wa programu kugusa mambo ya chini ya mashine, yaani usingizi wa chipu, kumbukumbu, saa na pini, bila kulazimika kuibomoa lugha yenyewe. Kati ya Kayanga na Bukoba ni zaidi ya kilometa 100, na fundi anayejua kuijenga upya lugha ya bodi hapatikani kila kata. Jambo linaloweza kurekebishwa kwa mistari mitatu ya msimbo pale pale ghalani ni nafuu kuliko bodi yoyote ya bei ya chini.

Nieleze kidogo. Lugha kama Python haizungumzi na chipu moja kwa moja. Katikati yupo mkalimani, programu inayousoma msimbo wako na kuutekeleza. Mkalimani huyo ndiye anayegawa kumbukumbu, anayekusanya takataka za kumbukumbu isiyotumika, na anayejua chipu imeamshwa na nini. Watunzi wake wanaweza kuyafungia mambo hayo ndani, au wanaweza kuyatoa kupitia moduli zinazokuja na lugha yenyewe. Katika Python ya kompyuta kubwa moduli hizo ni kama sys na gc. Katika MicroPython, iliyoanzishwa na mwanafizikia wa Australia Damien George kwa michango ya watu mwaka 2013, kubwa ni machine, gc na micropython, pamoja na nyingine za kila chipu kama esp32 na rp2. Unapoagiza bodi, moduli hizi ni sehemu ya unachonunua, ingawa hakuna duka linaloziandika kwenye karatasi ya bei.

Bei basi, tukikadiria dola moja kwa shilingi 2,600. Raspberry Pi Pico ilitoka Januari 2021 kwa dola 4, yaani shilingi 10,400. Ndugu yake mwenye Wi-Fi, Pico W, ilitoka mwaka 2022 kwa dola 6, shilingi 15,600. Raspberry Pi Zero 2 W, kompyuta kamili ya Linux yenye kumbukumbu ya megabaiti 512, ilitangazwa Oktoba 2021 kwa dola 15, shilingi 39,000. Bodi za ESP32 zinatengenezwa na viwanda vingi, kwa hiyo bei yake inabadilika kutoka duka hadi duka, ila kwa kawaida inakaa jirani na Pico W. Hizo ni bei za kutangazwa kiwandani. Ongeza usafirishaji, ushuru, faida ya muuzaji wa Kariakoo au Kampala, na nauli ya kifurushi kwenye basi. Nyongeza hiyo inazifikia bodi zote, na mara nyingi ni kubwa kuliko tofauti unayoigombania.

Sasa tuje kwenye umeme, maana hapa ndipo fedha zinapovuja. Kagera kwa miaka mingi ilitegemea umeme unaovushwa kutoka Uganda. Mitambo ya megawati 14 ya Kikagati na Murongo kwenye Mto Kagera imeongeza nguvu mpakani mwa Kyerwa, lakini ghala la kijijini bado linahitaji kisanduku chenye kujitegemea kwa betri. Chukua betri moja ya lithiamu ya 18650 yenye miliampia-saa 2,500. ESP32 iliyo macho bila kuwasha redio inakula, kwa makadirio, miliampia 50. Ikikesha siku nzima inamaliza 1,200, na siku ya tatu kisanduku kimekufa. Sasa iamuru ilale. Katika MicroPython ni agizo moja, machine.deepsleep, ukiipa muda kwa milisekunde. Inaamka kila nusu saa, inapima kwa sekunde tano, inalala tena. Mara moja kwa siku inawasha modemu dakika mbili na kutuma ujumbe. Kazi yote ya siku inakula kama miliampia-saa 12. Bodi ya kawaida yenye taa na chipu ya USB huendelea kunyonya kama miliampia moja hata chipu ikiwa imelala, hivyo ongeza 24. Jumla ni 36 kwa siku, na betri ileile inapita miezi miwili. Ukipata bodi isiyo na taa hizo, unapita miezi minne bila paneli yoyote.

Kuna jambo ambalo muuzaji hatakuambia: usingizi mzito wa ESP32 unafuta kumbukumbu ya kawaida, na programu inaanza upya mwanzo kila inapoamka. Ungebaki bila vipimo vya mchana kama MicroPython isingekupa pia sehemu ya kumbukumbu isiyofutika wakati wa usingizi, baiti 2,048 zilizo ndani ya RTC, saa ya chipu. Vipimo 48 vya siku, kila kimoja kwa baiti nne, vinachukua 192 tu. Na machine.reset_cause inakuambia kama bodi imeamka usingizini au imewashwa baada ya umeme kukatika, tofauti ambayo mtunza ghala anatakiwa aijue. Mambo haya matatu, kulala, kukumbuka na kujua sababu ya kuamka, yanashikana. Bodi inayokupa moja bila mengine haijakupa kitu.

Pico inaangukia hapo hapo. Chipu yake, RP2040, ina hali ya usingizi wa ndani kabisa, lakini MicroPython ya Pico haikupi hali hiyo unapotaka bodi ijiamshe yenyewe baada ya muda fulani. Agizo la machine.deepsleep lipo, linafanya kazi, ila linailaza chipu usingizi mwepesi kisha kuiwasha upya, na umeme unaoendelea kuliwa ni mwingi mno kuliko wa ESP32. Mwenye ujuzi wa C anaweza kuifikia hali ile kwa kuandika na kujenga mwenyewe. Je, chama chenu kinaye? Kama hakinaye, basi kwa kisanduku cha betri Pico ya shilingi 10,400 ni ghali.

Raspberry Pi Zero 2 W ina Python kamili, yenye moduli nyingi kuliko zote nilizozitaja, lakini haina usingizi wa namna hiyo. Ikiwa imekaa tu inakula karibu nusu wati au zaidi, na betri ile ya 18650 haifiki siku nzima. Utalazimika kununua paneli na betri kubwa, na hivyo vitakugharimu kuliko bodi. Nafasi yake ipo, ila si ghalani: inafaa ofisini, penye umeme, ikipokea ujumbe wa maghala kumi na kuuhifadhi. Mgawanyo huo si mgeni kwetu. Mradi wa WIMEA-ICT, ulioziunganisha Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, Makerere, Chuo Kikuu cha Juba na Bergen katika kutengeneza vituo nafuu vya hali ya hewa, uliweka vipima vidogo visivyokula umeme vikituma vipimo kwa redio hadi kwenye lango moja.

Mizani inageuza hesabu nzima, na hapa naomba msomaji awe na subira, kwa kuwa kilo ndiyo mkulima anayolipwa.

Mizani nyingi za kujitengenezea zinatumia chipu ya HX711, inayosoma mgandamizo wa chuma na kuugeuza kuwa namba ya biti 24. Bodi yako inaivuta namba hiyo biti kwa biti, ikipandisha na kushusha pini moja. Sharti la chipu liko wazi kwenye maelezo ya mtengenezaji: pini hiyo ikibaki juu kwa zaidi ya mikrosekunde 60, HX711 inajizima. Mikrosekunde 60 ni muda mfupi sana kwa mkalimani. Ikiwa katikati ya kuvuta biti ya kumi na tatu mkalimani ataamua kukusanya takataka za kumbukumbu, kazi hiyo inachukua milisekunde kadhaa, mizani inajizima, na namba inayotoka haina uhusiano wowote na gunia lililopo juu. Haitokei kila mara. Inaweza kutokea mara moja katika mamia ya vipimo, na ndiyo maana ni mbaya: mizani inayokosea kila mara inatupwa siku ya kwanza, inayokosea mara chache inaaminiwa msimu mzima.

Dawa ipo, na yote iko ndani ya moduli. Kwanza gc.collect, kumlazimisha mkalimani asafishe kumbukumbu kabla ya kupima, wakati unaochagua wewe. Pili machine.disable_irq kwa kipindi kile kifupi cha kuvuta biti, ili vikatizo vya chipu visiingilie. Wanaoanza hukosea wakidhani la pili linatosha; halitoshi, kwa sababu usafishaji wa kumbukumbu katika MicroPython hauanzishwi na kikatizo, unaanzishwa na msimbo unaoomba nafasi mpya. Ndiyo maana kuna micropython.heap_lock, inayokataza kuomba nafasi yoyote: msimbo wako ukijaribu, unapata kosa wazi badala ya kimya chenye namba ya uongo. Kwa fedha ya mkulima, kosa linalojitangaza ni bora mara elfu.

Lakini dawa bora kuliko zote iko kwenye Pico, bodi ileile niliyoikataa kwa ajili ya betri. RP2040 ina mashine ndogo nane zinazoendesha pini zenyewe bila kuusubiri ubongo mkuu wa chipu, na moduli ya rp2 inakuruhusu kuziandikia maagizo kutoka ndani ya Python. Ukizikabidhi HX711, mkalimani anaweza kusafisha kumbukumbu atakavyo. Pini inapanda na kushuka kwa wakati wake. Mizani hukaa mezani pa kununulia, ambapo kuna umeme au sola, kwa hiyo udhaifu wa usingizi hauna uzito. Kwa mizani, ningenunua Pico na nisingefikiria mara mbili.

Onyo moja la sheria kabla hatujaendelea. Mizani yoyote ya kununulia mazao lazima ihakikiwe na Wakala wa Vipimo. Mizani ya kujitengenezea, hata iwe sahihi namna gani, itumike kukagua akiba ya ghala au kulinganisha na mizani rasmi, isitumike kumlipa mkulima hadi Wakala wameipitisha.

Sensa za unyevunyevu zina hadithi fupi zaidi. DHT22, ambayo ni nafuu na imeenea, inatofautisha sifuri na moja kwa urefu wa mpigo: mikrosekunde 26 hadi 28 kwa sifuri, 70 kwa moja. Python haina kasi ya kuzihesabu kwa uhakika, kwa hiyo watunzi wa MicroPython waliandika kazi hiyo kwa C na kukupa moduli iitwayo dht. Kwenye Raspberry Pi ya Linux usomaji huo hufeli mara kwa mara, kwa sababu mfumo unaweza kuhamia kazi nyingine katikati ya mpigo. Ukiweza kuongeza fedha, nunua SHT31. Inazungumza kwa njia ya I2C yenye saa yake, na bodi yoyote kati ya hizi inaisoma bila wasiwasi.

Kuna lugha nyingine za bodi sokoni. CircuitPython, tawi la MicroPython linalotunzwa na Adafruit tangu 2017, imechagua kwa makusudi kufunga sehemu ya milango hii: haina vikatizo, haina moduli ya machine, na kumbukumbu ya bodi inaonekana kwenye kompyuta kama flashi, unahariri faili na kazi inaanza. Kwa shule ya sekondari ya Bugene au Kaisho inayofundisha wanafunzi kuwasha taa na kusoma joto, ningependekeza hiyo kabla ya MicroPython. NodeMCU, inayotumia Lua kwenye ESP8266, inakutaka uchague moduli kabla ya kujenga programu ya msingi; ukisahau moja, unajenga na kupakia upya, na bando linaliwa. ESP8266 pia haiamki usingizini yenyewe mpaka uunganishe pini 16 na pini ya kuwashia upya kwa waya. Espruino ya Gordon Williams inaleta JavaScript, na kwa anayeijua lugha hiyo inatoa mengi: kumbukumbu iliyobaki, mlinzi wa muda, hata kusoma anwani za chipu moja moja.

Halafu kuna Arduino na C++, pasipo mkalimani wowote. Arduino Uno yenye chipu ya ATmega328P ina kumbukumbu ya kilobaiti 2 tu na bado inasoma HX711 bila shida, kwa sababu hakuna anayekuja kusafisha kumbukumbu katikati. Mafundi wengi waliosoma vyuo vya ufundi wanaijua. Sina neno baya juu yake, ila lisemwe hili: kila badiliko, hata la kiwango cha tahadhari kutoka asilimia 65 kwenda 68, linahitaji kompyuta, programu ya kujengea, na msimbo wa awali ambao fundi aliondoka nao. Kwenye MicroPython msimbo unaweza kukaa ndani ya bodi unasomeka. Ukiagiza kazi ya Arduino, dai msimbo wote kwenye flashi na mkataba useme hivyo, kabla ya malipo ya mwisho.

Kufunguliwa milango kuna hatari zake pia. MicroPython ina machine.mem32, inayokuruhusu kuandika popote kwenye kumbukumbu ya chipu. Namba moja ikikosewa, bodi inasimama bila kueleza. Mlinzi wa muda, machine.WDT, anaiwasha bodi upya ikiganda, na kwa kisanduku kilicho mbali ni wa lazima, lakini akishaanzishwa kwenye ESP32 hazimiki, na kwenye Pico hakubali kusubiri zaidi ya milisekunde 8,388. Modemu ikichelewa kupata mtandao wa Kyerwa kwa dakika nzima, programu isiyomgusa mlinzi huyo njiani itawashwa upya kila siku kabla ya kutuma chochote. Na milango inatumiwa na msimbo wote uliomo, wako na wa wengine. Wahandisi wa Instagram, walioeleza mwanzoni mwa 2017 jinsi kuzima ukusanyaji wa takataka za Python kulivyowapa ufanisi wa karibu asilimia 10 kwenye seva zao, waligundua kwamba maktaba moja waliyoitegemea ilikuwa ikiuwasha tena kimyakimya. Kwao ilikuwa seva zenye wahandisi wa kuzilinda. Kwenye ghala la kijijini, kila maktaba ya kuazima isomwe kwanza.

Kwa hiyo, chama chenye fedha ya kisanduku kimoja kinunue ESP32 yenye MicroPython, sensa ya SHT31, betri na modemu ya SIM800L, na fundi aambiwe mapema kwamba modemu hiyo hunyonya hadi ampia 2 inapotuma, ili aweke waya mnene na kondensa ya kutosha. Chama kinachotaka pia kukagua magunia kiongeze Pico na HX711. KDCU, chama kikuu cha ushirika kilicho juu ya vyama vya msingi, ikiwa itataka kuona maghala ya Karagwe na Kyerwa kwa pamoja, ndiyo pekee yenye sababu ya kununua Raspberry Pi. Kabla ya kumlipa fundi, mwombeni aunganishe bodi kwenye kompyuta mbele yenu na aandike gc.mem_free asubuhi, kisha tena jioni baada ya kisanduku kupima mchana kutwa bila kulazwa, kila mara akitanguliza gc.collect. Namba mbili zikikaribiana, mpeni fedha yake. Ya jioni ikiwa imeshuka sana, kumbukumbu inavuja, na arudi nacho nyumbani akirekebishe.